Ekari Nne za Baba

Siku hiyo katika ofisi ya kijiji, Nyamigogo, tulikuwa watano: mtendaji, bwana shamba, jirani yangu Msukuma mwenye ng'ombe wa kulimia, mdogo wangu wa kike na mimi. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikashika jembe.

Mbolea ya ruzuku hutolewa kulingana na ekari ulizoandikisha. Baba, kama wenzake wengi, aliandikisha moja tu kwa kuogopa michango. Msimu uliopita mahindi ya ekari tatu zilizokosa mbolea yalikuwa ya njano, na chakula kiliisha mapema. Sikukubali yatokee tena.

"Shikamoo, bwana shamba. Nimekuja kurekebisha. Shamba letu ni ekari nne."

"Marahaba. Jana moja, leo nne! Shamba lenu linazaa?"

"Baba aliogopa. Mimi siogopi. Njoo upime."

"Nani anapakana nanyi?"

"Mimi," jirani akajibu. "Na mimi ndiye ninayelilima. Kama ni ekari moja, basi ng'ombe wangu ni wavivu sana, maana hulimaliza kwa siku nne."

Hata mtendaji alicheka. Bwana shamba akaja kupima, akaandika nne, nikasaini jina langu. Msimu ule shamba lote lilikuwa kijani.

Jirani alisimamisha ng'ombe wake siku nzima, mvua zimeshaanza, ili aje kunisemea. Nilimwahidi siku moja ya palizi. Bado sijamlipa.