Mbwa Asiyenyonyoka

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ni kali, inakwama kooni. Kila lori la mifugo linaposimama karibu na duka langu hapa Mikumi, mimi hurudi Msowero bila kupanda basi. Juzi harufu hiyo ilinikuta nimeketi na binti yangu, ananionesha kwenye simu picha za mbwa wa kizungu. Anataka mbwa asiyenyonyoka manyoya, eti wapo wa aina hiyo, na anataka nimsaidie kuchagua. Nilikuwa nimesimama dukani tangu alfajiri, miguu imevimba. Nikamwambia aweke simu chini kwanza, nikafumba macho.

Kwetu Msowero kulikuwa na ugomvi usiokwisha kati yetu na nguruwe pori. Sisi tulilima mahindi, wao wakavuna. Baba alilinda shamba mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi, naye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mwaka mmoja tulivuna mabua matupu, tukala uji wa kuazima. Baba akasema msimu unaofuata bila mbwa tutalala njaa, na hakuna aliyembishia isipokuwa mama yake.

Bibi hakumchukia mbwa. Ila alikuwa mtu wa swala tano, na unyoya wa mbwa kwenye mswala wake ulikuwa na maana moja tu: kuosha upya, kwa udongo na maji ya kuteka mtoni. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na mteka maji nilikuwa mimi. Akaweka sharti. Mbwa aje, lakini awe yule asiyenyonyoka, na siku atakapouona unyoya mswalani, mbwa atarudi alikotoka. Kisha akachana kipande cha baibui lake kuukuu, akampa baba akawapimie mbwa.

Baba alipokwenda kumtafuta mbwa huyo nami nilikwenda, kwa sababu nililia mpaka akanichukua. Tulifika kwenye boma la mzee mmoja mfugaji, upande wa Rudewa. Siku zile wakulima na wafugaji walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni, lakini baba alimpa mzee yule shikamoo ya kumpa baba mkwe. Akaitikiwa marahaba, tukapewa maziwa, ndipo mbwa wakaitwa. Baba akapita akiwasugua mmoja mmoja kwa kile kitambaa cheusi, uso umemkunjika kama daktari. Kwa kila mbwa kitambaa kilijaa manyoya, akakikung'uta, akaendelea. Mwishoni alikuwepo jike wa rangi ya udongo, amejilaza pembeni ananuka dawa. Baba akamsugua mgongo, akamsugua shingo, kitambaa kikabaki cheusi.

"Huyo leo asubuhi tumemwogesha pamoja na ng'ombe," mzee alisema.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akiona amempata asiyenyonyoka, tena msafi. Sisi watu wa jembe tulijua nini kuhusu josho? Hatukujua kwamba dawa ile ikikauka hugandisha manyoya mwilini kama gundi. Tulirudi naye kwa shangwe, baba akamwita Vumilia, jina la kuwasema majirani waliotucheka.

Ilinyesha mvua moja tu, dawa ikamtoka. Jamani, yule mbwa alinyonyoka kama sufi iliyopasuka. Manyoya yalielea uani, yakaingia kwenye ndoo, yakang'ang'ania sare yangu ya shule. Vumilia mwenyewe hakuwahi kukanyaga kizingiti cha Bibi, lakini sisi tulikanyaga, tukamletea manyoya yake kwa nguo zetu. Nami nilikuwa nimeshampenda. Alikuwa akinisindikiza mtoni, na nguruwe walikuwa wamelihama shamba letu. Kwa hiyo kabla ya kila adhana niliukagua mswala, nikaokota, nikafagia, nikakung'uta. Nilichoka uchovu ambao mtoto hapaswi kuujua. Nilikuwa nasinzia darasani, na hata kwenye usingizi huo niliota naokota manyoya.

Siku moja nilichelewa kutoka mtoni. Nikamkuta Bibi amesimama juu ya mswala, anautazama. Nikaweka ndoo chini nikingoja aseme mbwa aondoke. Bibi akaukunja mswala polepole, akauweka kwapani.

"Kuanzia leo nitakuwa naswali kwa Bi Zuhura," akasema. "Mjane mwenzangu, tunapata kuzungumza."

Bi Zuhura alikaa ng'ambo ya kijito, juu ya kilima kifupi chenye mawe. Kila swala ya mchana nilimwona Bibi akipanda na fimbo yake, akishuka, akipanda tena. Mimi nilishukuru Mungu kwamba Bibi amepata shoga na hakuona manyoya. Kusema kweli nilimwonea hata wivu, kwa jinsi alivyopenda soga uzeeni. Mwaka ule tulivuna mahindi mpaka ghala likafurika, na Vumilia akazeekea kwetu.

Bibi alipofariki nilikuwa mama wa watoto. Siku ya arobaini nilikaa karibu na Bi Zuhura, nikamwambia nilivyofurahi kwamba alikuwa akizungumza na Bibi yangu. Akanishangaa.

"Tulizungumza saa ngapi, mjukuu wangu? Akija anaswali, anakaa mpaka magoti yakubali, anashuka. Nikamwambia mfukuze huyo mbwa, unajiua. Akasema watoto wanashiba."

Nilifumbua macho. Lori lilikuwa limeondoka, binti yangu bado ananingoja, simu mkononi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kumwambia hapana, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama usoni.

Nikamwambia achague yeyote anayempenda, wote wananyonyoka. Kisha, alipokuwa akirukaruka, nikajikuta nautazama mlango wa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, nikihesabu ngazi nitakazopanda na mswala wangu kwapani.