Faili la kamera ya Papa Kasongo: nilivyokuwa karani wa vibali chuoni Durban

Wakuu, salaam. Haya nimeyaishi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga chumba Glenwood, nafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya utafiti ya chuo.

Kazi yangu ilikuwa kutunza rekodi za vifaa vinavyotoka nje ya South Africa. Kuna vifaa vya maabara vinaweza kutumika hata kijeshi, kwa hiyo lazima kibali kitoke kwanza.

Bosi wangu, Mrs Govender, alikuwa mama wa Kihindi aliyekaribia kustaafu. Hakukubali niandike serial number niliyotajiwa. "Go and look," basi. Napanda ghorofa tano, lift mbovu. Eish, nilimnung'unikia sana.

Siku moja akaja Papa Kasongo, Mkongo wa Goma, anasoma PhD ya volkano. Tulisali kanisa moja. Alitaka kusafiri kwao na kamera ya kupima joto, na ndege yake ilikuwa keshokutwa.

"Mdogo wangu, gonga tu muhuri. Kibali kitafuata."

"Papa, siwezi."

Aliondoka bila kuniaga. Kibali kilichukua wiki saba, na wiki zote hizo kanisani hakunisalimia. Iliniuma, maana ugenini ndugu ni hao hao.

Mwishowe akasafiri. Siku anarudi, akanipigia kutoka airport ya Durban.

"Namba ya kamera iko tofauti na ya kibali. Maafisa hapa wanasema nimebadilisha kamera. Wanataka kufuta visa yangu."

Nikafungua faili. Kamera ilikuwa na namba mbili: ya kiwandani, chini ya betri, ndiyo iliyo kwenye kibali, na ya kava jipya lililowekwa ilipofanyiwa matengenezo. Kabla hajasafiri niliziona kwa macho yangu, nikaandika zote, na barua ya fundi nikaiambatanisha.

Nikamweleza Mrs Govender. Alichukua funguo za gari, tukaenda airport na lile faili.

Afisa akafungua sehemu ya betri, akasoma, akalinganisha na faili. Akamrudishia Papa passport.

Papa akanijia. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi.

Mrs Govender akampa kalamu. "Sign here, Doctor. Equipment returned."

PhD alikuwa hajamaliza, lakini mama alimwita hivyo mbele ya wale maafisa.

Siku hizi niko kazi nyingine, kila kitu ni online. Nawakumbuka wote wawili, hata zile ngazi.

Nilichojifunza: ukimkatalia ndugu yako njia ya mkato, atakununia, ila huenda ndiyo siku uliyomsaidia kweli.

Nanyi wakuu, nani alishawahi kununiwa kwa kufuata utaratibu? Karibuni tuongee.