Zorobabel na Sarafu Isiyouzwa

Zorobabel Kahongya alikuwa mnunuzi wa sarafu za zamani hapa Vulamba, Butembo, na mimi Siméon, fundi wa nguo, nilifanya kazi chini ya paa moja naye kwa miaka sita. Kwa hiyo mengi ninayoyasema sikuambiwa na mtu.

Alianza kazi hiyo mwaka 1997, pesa za Zaïre zilipokufa na watoto wakawa wanachezea sarafu zake, makuta, barabarani. Mwanzo aliyaokota tu. Kisha akaona kwamba marubani wa ndege ndogo na wafanyabiashara wa Kampala wanapenda zaidi zile za Wabelgiji: zenye tundu katikati, zenye mchikichi, zenye tembo. Akanunua lenzi ya fundi wa saa, akaandikisha kibao: EXPERT, yaani mtaalamu. Hakuwa na kitabu hata kimoja cha sarafu. Mtu akija kuuza, Zorobabel alitazama viatu vyake kwanza, halafu sarafu. Bei ilitoka kwenye viatu.

Mtu huyo huyo alitudharau sisi sote. "Batu ba hapa hawajuwe kitu," aliniambia karibu kila siku. "Banalalia mali sawa kuku juu ya mayai."

Vita vilimnenepesha. Mwishoni mwa 2002 watu wa upande wa Mambasa walikimbia mapigano, wakafika Beni kwa miguu, na wengine wakaendelea mpaka kwetu. Aliyetembea siku tisa msituni hana kiatu. Kwa Zorobabel ilikuwa sikukuu.

Mmoja wao alikuwa Virginie, mjane mwenye mtoto mgongoni. Alifungua ncha ya kitenge akatoa sarafu ya njano yenye pembe sita, na tembo juu yake. Baba yake alilipwa nayo alipokuwa kijana akilima barabara ya Wabelgiji, akaapa kwamba hiyo moja hataila.

Zorobabel aliweka lenzi jichoni, akasonya.

"Mama, hii ni feki. Ya kweli iko muviringo."

"Baba yangu alisema ni ya kweli."

"Baba yako alikuwa mutu wa sarafu, ao mutu wa koleo?"

Akampa vipande viwili vya sabuni. Virginie akavichukua, kwa sababu mtoto alikuwa na upele mwili mzima. Mimi nilikuwa napinda suruali, hatua mbili tu kutoka pale. Nilijua anadanganya, maana wiki ile ile alikuwa ameniambia kwamba ya pembe sita ndiyo anayoitafuta. Nikaendelea kupinda. Namsema Zorobabel, lakini sijioni msafi.

Katikati ya 2003 alikuja Mzungu mmoja, injinia wa visima aliyekaa Beni. Alifuatana na Éliakim, mwalimu wa Kiingereza, aliyekuwa mkalimani wake. Mkononi alishika kifaa kinachosoma satelaiti na kumwonyesha mahali alipo. Alizipenda sarafu za Zorobabel, akazigeuzageuza, kisha akatoa ya kwake mfukoni: nzito, ina rangi ya bluu na nyekundu, na ukingoni imechongwa namba.

Zorobabel aliitazama kwa lenzi. "Muulize bei."

Éliakim akauliza, akasikiliza. "Anasema haiuzwi, ni ya muchezo. Kule kwao mutu anaficha kikopo kwa pori, anaandika kwa kompyuta mahali kiko, na mwengine anakuja kukitafuta na mashini hii. Sarafu inatoka kikopo hiki, inaenda kile. Namba ni ya kujua imefika wapi. Kama unaitaka atakupa, lakini utaipitisha kwa mutu mwenye kusafiri."

"Bure?"

"Bure. Lakini haiko yako."

Zorobabel akacheka. "Éliakim, masomo yako ilipotea. Nani anaficha mali kwa pori ili mutu asiyemujua aiokote? Namba maana yake ziko chache. Huyu anatuona bajinga."

Hakuwahi kutoa kitu bure maishani, kwa hiyo cha bure alikiona mtego. Alitaka iwe biashara, ili asije mtu kumdai sarafu ile. Akachukua kopo la sarafu zake bora, ya Virginie ikiwa juu, akamsukumia Mzungu. Mzungu alikataa mara mbili.

"Papa, fikiri kwanza," Éliakim alimwambia Zorobabel.

Mara ya tatu Mzungu akapokea, akidhani labda ndiyo desturi yetu, akamwachia ile ya kwake, akapanda gari.

Kesho yake Zorobabel alipanda pikipiki mpaka Beni, kwa mnunuzi wa dhahabu aitwaye Lusenge. Lusenge aliisugua sarafu kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi.

"Shaba na rangi," akasema. "Umepita vizuizi vyote vya basoda wenye bunduki juu ya hii?"

Zorobabel alirudi akisema Lusenge ni mjinga. Éliakim naye aliandika ile namba kwenye kompyuta, akakuta kwamba mwenye sarafu ni bibi mmoja wa Denmark, mwalimu mstaafu, anayeomba tu ifike mbali na kila aliyeishika ataje mji wake. Akamsihi Zorobabel aipitishe. Zorobabel akaifungia sandukuni.

Mwezi wa tisa Virginie alirudi. Alikuwa akiuza mikate, na alitaka kuikomboa sarafu ya baba yake.

"Nilishaiuza," Zorobabel alisema.

"Ulisema ni feki."

"Ndiyo, ilikuwa feki."

"Kama ilikuwa feki, juu ya nini hukunirudishia?"

Zorobabel akashika lenzi, akaanza kuipangusa. Virginie hakumngoja. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa hapa."

Nikasema ndiyo.

Mwaka uliofuata, wauzaji walipokuwa wamesikia habari ya Virginie na kuacha kumjia, Zorobabel alihamia Lubero, kusini mwa hapa, kwa kaka yake, ambako sasa analima viazi. Éliakim akipita kule huonyeshwa ile sarafu yenye namba, na kuambiwa bei ya kununulia nyumba. Bibi wa Denmark huandika kila Noeli kuuliza kama imesogea. Éliakim humjibu kwamba imesogea kidogo, upande wa kusini.