Hesabu ya Kwao

Mpaka leo naisikia ile chaki. Ilikuwa fupi kama jino la mtoto, na kila ilipogusa ubao ililia kwiii, tukakunja nyuso sote ukumbini. Aliyeishika alikuwa binti wa Kikongo aliyekaa uani kwetu, hapa Tunduma, na shule yake yote siku ile ilikuwa mikononi mwake pamoja na hiyo chaki.

Alikuja na shangazi yake, muuza vitenge. Walikimbia vita kwao, wakazungukia Zambia, wakapanga chumba cha uani kwa mama. Mwanzoni akisema "niko nakula" au "niko nalala", watoto wa jirani walimcheka mpaka akawa anaongea na kuku tu. Roho iliniuma. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini Kiswahili chetu nilikuwa nacho, basi nikamfundisha huku nikikaanga chapati za madereva wa malori. Mama naye, Mnamwanga wa hapa hapa asiyepunguza kitu, akamfundisha adabu ya Kinamwanga: ukikutana na mkubwa chuchumaa, piga makofi polepole, ndipo usalimie. Miaka ikapita, mtoto akawa wa kwetu kabisa.

Ndipo tukasikia kanisani kwamba liko shirika linalosomesha watoto waliotoka Kongo. Linalipa ada, bweni, sare, mpaka madaftari. Yeye alitaka kuwa nesi. Mimi nilikuwa nimeshamwona katika ndoto zangu anapita wodini na gauni jeupe, nami nyuma yake na deli la chapati.

Siku ya usaili shangazi alikuwa safarini kufuata mzigo, kwa hiyo tulimpeleka mimi na mama. Mezani walikaa wawili: baba mwenye miwani, na mama mmoja mpole aliyekuwa anajipepea na kitambaa. Binti aliingia, akachuchumaa, akapiga makofi vizuri mno. Mama yangu alinifinya paja kwa furaha.

Yule baba akavua miwani. "Mwanangu, wewe ni Mnamwanga wa wapi?"

"Mimi Mkongo, baba."

"Mkongo gani anasalimia hivyo? Na lafudhi ni ya hapa hapa."

Mama akadakia, "Nimemfundisha mimi hayo, baba."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Jana tumeletewa Wakongo wawili, kumbe wazaliwa wa Mbozi hapa jirani."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu ukumbini wakacheka. Mama yangu hakucheka. Vyeti binti hakuwa navyo, viliungua pamoja na nyumba yao. Wakamwambia aseme Kifaransa kidogo. Akasema "bonjour", sauti ikakatika hapo hapo.

"Hiyo hata wapiga debe wa mpakani wanaijua," baba akasema, na kwa kweli wanaijua.

Nikaona ndoto yangu inavuliwa gauni jeupe. Yule mama akasema, "Basi tuone hesabu, angalau tujue darasa alilofika." Akampa mia nne thelathini na mbili, agawanye kwa sita.

Binti akaenda ubaoni. Badala ya kuiweka sita kushoto kama tulivyofundishwa sisi, akaiweka kulia, akachora mstari katikati, na jibu akaanza kuliandika chini ya ile sita. Nikajua ameshapotea. Kumbe alikuwa ametulia kuliko wote mle ndani, midomo inacheza, ananong'ona namba. Yule mama akaacha kujipepea. Akainuka, akamsogelea taratibu kama anayetaka kumshika kuku.

"Umesema ngapi hapo mwisho?"

Binti akashtuka. "Septante-deux." Halafu akaona aibu. "Sabini na mbili. Samahani, hesabu huwa nafanya kwa maneno ya mwalimu wangu wa kule."

Yule mama akamgeukia mwenzake. "Nimekaa Bukavu, huko Kongo, ndugu yangu. Wafaransa wenyewe sabini hawaiiti hivyo. Kule ndiko wanakoiita septante. Na kugawanya ndiko wanakogawanya hivyo."

Baba akavaa miwani, akautazama ubao muda mrefu. "Na jibu ni sahihi," akasema. "Mwandike."

Mama yangu alilia mpaka akaombwa kiti. Mimi nilitamani kumkumbatia yule mama wa watu, nikaishia kumpa mkono mara mbili.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi. Shangazi alilia, mama akalia, binti akalia dirishani, mimi nikajikaza nikawa natania kuhusu ugali wa bweni, maana ningeachia na mimi asingeondoka. Basi lilipokata kona wenzangu wakapitia sokoni. Mimi nilirudi nyumbani. Uani hapakuwa na mtu. Nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo, nikapiga vigelegele mpaka pumzi ikakatika.