Kinu cha Marieta na Santuri ya Mwalimu

Mwalimu Maximilian Bura wa Tlawi alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, na alipostaafu aliondoka na ugonjwa wa kazi ile: akitaka kimya, alitaka hata kuku wanyamaze. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni santuri moja ya kwaya ya kigangoni, iliyorekodiwa mwaka 1984. Ubeti wa tatu anaimba msichana peke yake, kwa sauti nyembamba. Msichana huyo ni Marieta, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake.

Na ubeti huo ndio uliomshinda. Kila ukifika anaongeza sauti ili amsikie vizuri, na hapo hapo sindano ya gramafoni inatetemeka, inaruka, inatua kwenye ubeti wa nne.

Mwalimu hakujiuliza mara mbili. Nyuma ya ukuta, jikoni, Marieta alikuwa akitwanga mahindi ya makande. "Ni hicho kinu!" akafoka. "Kinatikisa nyumba nzima."

Marieta akakihamishia barazani. Sindano ikaruka. Mwalimu akaweka jiwe bapa juu ya kabati, chini ya gramafoni, akalitandikia vipande vya tyubu ya baiskeli, kisha akakata godoro la wageni. Sindano ikaruka. Kinu kikapelekwa nyuma ya zizi, mwezi wa saba, kwenye ukungu unaoingia mpaka kwenye mifupa, na mama wa watu akatwangia huko amejifunga shuka, goti likimuuma.

"Kama ni sauti yangu unayoitaka, Baba Irene," alimwambia siku moja, "si uniambie nikuimbie?"

"Siyo sawa na ya kwenye santuri," akajibu bila hata kugeuka. Kisha akaongeza neno ambalo angelimeza tu: "Na ukipita hapa, nyata. Hata miguu yako inatikisa."

Mtu anapata wapi moyo wa kumwambia hivyo mwanamke aliyempikia maisha yake yote! Kesho yake asubuhi Marieta alipanda gari kwenda Gehandu, kwa binti yao Irene.

Nyumba ikawa kimya. Mwalimu akaweka santuri, akaongeza sauti. Sindano ikaruka.

Wiki ya pili alimwita Xavery, fundi redio. Xavery akampa shikamoo, akasikiliza, akalitazama kabati.

"Mwalimu, spika umeiweka kwenye kabati moja na mashine. Ukiongeza sauti, spika inatikisa kabati, na kabati linatikisa sindano."

Akaibeba spika, akaiweka kwenye kigoda pembeni. Ubeti wa tatu ukapita wote, safi. Mwalimu aliona aibu mpaka akashindwa kumuaga fundi.

Akapiga simu Gehandu.

"Mama Irene, rudi nyumbani. Hakikuwa kinu. Ni spika yangu. Ni mimi mwenyewe."

"Sindano imeacha kuruka?"

"Imeacha."

"Afadhali." Mapigo ya mchi yakasikika, mazito, bila haraka.

"Unafanya nini?"

"Natwanga. Irene kaniwekea kinu jikoni, karibu na moto."

"Marieta, nataka kukusikia."

"Si unayo santuri, Mwalimu," akasema taratibu, akakata simu.