Mwaka Baba Alipomiliki Timu

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya mbao mbichi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Makambako. Malori ya baba yalilala uani, yamepakwa rangi ya chungwa, kila moja limeandikwa ubavuni "Nuru ya Kondoa", kwa sababu Kondoa ndiko alikotoka akiwa kijana. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na kila mwenye nguvu alijaribu bahati yake. Baba tulimwona kwa nadra. Akirudi kutoka Songea alikuwa tayari anawaza Tunduma, na sisi wanawe tuliijua honi yake kuliko sura yake.

Kisha akaichukua timu. Upepo ilikuwa timu ya mji, ikilelewa na chama cha ushirika, na ushirika ulipokufa wachezaji walibaki wakicheza peku. Baba akawanunulia viatu, akawapa lori la kusafiria, na bila kumwuliza mtu akaibadilisha jina. Jezi za buluu zikawa za chungwa; Upepo ikawa Nuru ya Kondoa. Mji ulikasirika. Mama, aliyekuwa amejifunza kwa bidii kusalimia "kamwene" kama Wabena wenyewe, hakuitikiwa tena sokoni. Mechi ya kwanza mashabiki walikuja wote, wakaketi wakiupa uwanja mgongo, wakatazama barabara mpaka filimbi ya mwisho. Tulipokwenda kucheza Njombe, baadhi yao walipanda basi kwa nauli zao wenyewe ili wakaishangilie Njombe.

Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kumwambia mtu. Kwa ajili ya timu, baba aliwaachia madereva safari zote. Asubuhi za Jumamosi tulikaa naye jikoni, baridi ya Juni ikiwa nje na sisi tumelizunguka jiko la mkaa, akinipukuchulia mahindi ya kuchoma huku akinieleza kwa nini beki wa kushoto hafai. Aligundua kwamba mdogo wangu Idi ana kigugumizi. Alikuwa hajui.

Jioni moja akaja Kaduma, nahodha wa timu, fundi baiskeli wa pale stendi. Alisimama mlangoni akiikunjakunja kofia yake.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba. Keti, kijana."

"Tajiri, mama yangu hanipi chakula siku ya mechi. Anasema nikale Kondoa."

Mama alijifunika mdomo kwa khanga. Baba hakucheka. "Viatu nimewapa, lori nimewapa. Wanataka nini tena?"

"Jina lao, Tajiri."

Nikaropoka kabla sijajizuia: "Usiwape, baba!" Wote waligeuka kunitazama, wakidhani natetea mali yetu. Mimi nilikuwa naziona zile Jumamosi zikiondoka.

Kaduma alipokwenda, mama alisema taratibu, "Baba Zuhura, mtu akiwanunulia wanao viatu, utamruhusu awabadilishe majina?"

Baba aliiacha chai yake mpaka ikapoa.

Jumamosi iliyofuata timu iliingia uwanjani na jezi za buluu zilizoandikwa Upepo. Watu walipiga kelele mpaka nikaziba masikio. Hakuna aliyemshangilia baba. Baada ya mechi tu, mama yake Kaduma alimjia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Mwezi haukuisha baba akawakabidhi wananchi timu yao, viatu na vyote, akarudi barabarani. Nililia nyuma ya stoo ya viazi.

Siku hizi matajiri wanamiliki timu kubwa na watu wanawaimba, hata majina yakibadilishwa hakuna anayekosa chakula nyumbani. Mimi naishi Njombe, na baba, ambaye miguu imemkatalia safari, yupo nyumbani Makambako kila siku. Mwaka jana nilimwuliza kama yale aliyotendewa na mji yalimwuma.

"Yaliniuma," alisema. "Lakini mwanangu, miezi ile ndiyo niliyojua nani kati yenu hapendi maharage."

Ni mimi. Mpaka leo nikifika, huuliza kwanza jikoni wamepika nini.