Bwawa Nililolijaza kwa Siku Moja

Kuna asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta la bwawa langu, bondeni chini ya Litembo, koti begani, na ukungu umelala hata sikujua maji yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Humo ndani ya ukungu kitu kikalia kama mtoto anayecheka. Sikudanganyi. Alikuwa fisi maji, yule mnyama mrefu mwenye masharubu anayekula samaki. Kichwa kiko juu ya maji, mikono imeshika perege wangu, anatafuna taratibu kama mtu anayekula muwa. Nilimtazama, naye akanitazama. Akaendelea kula. Nikajiona mfalme.

Ngoja nikueleze bwawa lilivyopatikana, maana siku hizi mtu akiona kitu anadhani kilianguka kutoka juu. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Baba hakuniachia bati hata moja. Aliniachia bonde lenye kijito chembamba ambacho mbuzi alikiruka bila kujisumbua, na shamba la mteremko juu yake. Halafu ikaja ile miaka soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani na malori yao kutafuta kahawa, na neno hilo la binafsi likawa tamu mdomoni kwa kila mtu. Duka binafsi, lori binafsi, mashine ya kusaga binafsi. Nami nikasema nitakuwa na bwawa binafsi. Watu walicheka. Nikachimba kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, nikabeba udongo kwa magunia, nikaushindilia kwa gogo na kwa miguu yangu hii. Perege wa kwanza niliwafuata kule Lundo, ziwani, nikapanda nao milima ndani ya ndoo mbili, kila kijito nabadilisha maji. Walifika saba wakiwa hai. Hao saba ndio waliozaa ukoo mzima.

Wengine wote walikuja bila kuitwa. Bata maji walishuka wawili, baada ya siku chache wakawa kundi. Mdiria akajichagulia ufito mmoja uliosimama majini, akaugeuza kiti chake. Korongo akasimama kwenye kina kifupi kama mzee wa kanisa anayengoja sadaka. Alfajiri pongo walikuja kunywa, mguu mmoja, kisha mwingine, nami nimejificha nyuma ya mibuni nimebana pumzi. Walitoka wapi wote hao? Mpaka leo sijui. Mke wangu Gaudensia akimaliza kazi alikuja kukaa tutani, miguu majini, jua linazama upande wa ziwa na maji yanageuka rangi ya asali. Nilikuwa namwangalia yeye, naangalia maji, naota bila kulala.

Nikaweka kibao: Bwawa Binafsi, Usiingie. Shangazi Auksilia, dada mkubwa wa baba yangu, aliposomewa maneno yale akauliza, "Na hao bata nani amewasomea?"

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Bwawa lilijaa nusu tu. Mvua za mwaka wa kwanza zilinyesha vizuri, lakini maji yalipanda kidogo mno, kama urefu wa kidole. Nikapanda shambani kutafuta mvua inaishia wapi, nikaiona. Ilikuwa kwenye ngoro. Kama hujawahi kufika Umatengo, ngoro ni mashimo tunayolima kwenye miteremko. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mwanamke anachimba katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Unapata vishimo vingi, mlima mzima, kama sega la nyuki, na mazao yanakaa kwenye kingo zake. Siku ile kila kishimo kilikuwa na maji yake, na ndani ya kila maji kuna kipande cha anga. Kitu kizuri sana. Lakini mimi nikaona wezi. Nikasema, kumbe maji yangu yanakaa huku!

Baada ya misa nikajigamba mbele ya wanaume wenzangu kwamba msimu ujao maji yatagusa mdomo wa tuta. Kabla ya mvua nikamwambia Gaudensia tufukie ngoro, tulime matuta yanayoshuka moja kwa moja hadi bwawani.

"Baba Hyasinta," akasema, "ngoro hizi alizianza mama yako."

"Na bwawa nimelichimba mimi."

"Basi na matuta yako lima wewe."

Sikulima. Nilileta vibarua wanne kutoka mjini Mbinga, watu wasioujua mlima wetu. Siku ya tatu ya kazi shangazi akaja na fimbo yake.

"Shikamoo, shangazi."

Alikuwa anaangalia mteremko, ulivyokuwa mwekundu na uchi. Kisha akasema, "Unafanya nini hapa?"

"Nayafungulia maji njia."

"Maji umeyafungulia. Na udongo umeuambia ubaki?"

"Shangazi, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Mtaalamu nani, wewe?"

Vibarua wakacheka. Nikaona aibu, na aibu ikanitia ukaidi. Nikawaambia waongeze matuta hadi juu kabisa.

Mvua kubwa ya kwanza ilishuka mchana mmoja. Nilisimama humo humo nimelowa, nacheka peke yangu. Maji yalikuja kwa kishindo kwenye kila mfereji, na kabla jua halijazama bwawa lilikuwa limefika mdomoni. Nikakimbia nyumbani.

"Limejaa!"

Gaudensia alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Limejaa nini?"

Sikulielewa swali lake kwa siku kama nne. Kwanza maji yalibaki mekundu. Halafu perege wakaanza kupanda juu, midomo wazi, wanavuta hewa kama watu waliokimbia, na asubuhi moja nikawakuta wameelea, matumbo meupe yametapakaa kama maua ya mibuni. Mdiria akaacha ufito wake. Pongo hawakuja. Mvua ziliendelea, na kila mvua ilileta shamba langu bwawani, kiganja kwa kiganja, mpaka mwezi wa pili nikamwona korongo akitembea katikati, mahali ambapo mimi nilikuwa nazama, na maji hayafiki magotini kwake. Alitembea hadi ng'ambo, akaruka. Nikakaa tutani nikalia, mwanangu. Nimelima, nimebeba magunia, nimezika wazazi, sikumbuki kulia vile. Huko juu mahindi yalikuwa ya manjano, mizizi nje.

Mwezi wa tatu, majani yalipokuwa marefu, shangazi alirudi. Nilingoja matusi. Akaweka chini mundu na jembe. "Mundu ni kazi yako," akasema. "Na jembe pia ni kazi yako mwaka huu. Gaudensia atapumzika."

Wewe hujui maana yake. Kuchimba ngoro ni kazi ya wanawake, na shamba langu liko kando ya njia ya kwenda kanisani. Nilichimba peke yangu, na wanawake walipita na vikapu vyao.

"Shemeji, kiuno kinaendeleaje?"

"Mwacheni, mtaalamu yuko kazini!"

"Shimo lako limepinda, shemeji, humo hata chura atakosa mlango!"

Niliendelea kuchimba. Siku ya tano mmoja wao alitua kikapu, akanishika mkono, akanionyesha jinsi ya kugeuza jembe. Siku ya sita Gaudensia akaja na jembe lake, akaanzia upande wa pili bila kuniuliza. Kiangazi kile tulichimba tope bwawani na kulirudisha mlimani kwa vikapu, na kiangazi kilichofuata tena. Bwawa lilirudi, kama nusu ya lile la zamani. Bata walirudi. Perege niliwafuata upya ziwani. Fisi maji hakurudi, nami niliacha kumngoja.

Basi mwanangu, sina elimu ya kukupamba, nakwambia wazi. Ukipata chako, usiangalie pale kilipo tu. Panda juu ukaangalie kinakotoka, na uheshimu mikono inayofanya kazi huko, hasa mikono usiyozoea kuisikiliza. Mke wako akikuuliza swali, kaa chini ulijibu siku hiyo hiyo. Ukikosea, tengeneza mbele ya watu wale wale uliojigamba mbele yao, wala usitafute njia ya uani. Na kitu kinachokuja polepole, kiache kije.

Mungu akunyeshee mvua laini. Akupe mtu wa kukukemea ungali na nguvu za kushika jembe, na jioni akupe pa kukaa, miguu yako majini, na wako pembeni yako.